Mwulizeni Alichokitupa
Mhadhara kwa wanaoajiri wabunifu wa bidhaa za kidijitali

Nimeombwa nieleze namna ya kumtambua na kumwajiri mbunifu wa bidhaa za kidijitali, yule ambaye mtaani anaitwa dizaina na ambaye kwenye matangazo yenu hubadilishiwa cheo kila wiki. Nitajaribu kutowachosha. Nawaonya tu kwamba mada hii hunipandisha sauti.

Nianze na tangazo. Nimelitunga mwenyewe kwa kuokota vipande huku na kule, kwa hiyo asijitafute mtu humu. “Anahitajika dizaina mahiri. Awe na shahada ya sayansi ya kompyuta na uzoefu usiopungua miaka mitano. Ajue Photoshop, Illustrator na Figma, aweze kuandika programu, kupiga picha, kuhariri video na kusimamia kurasa za kampuni mitandaoni. Awe tayari kufanya kazi chini ya shinikizo.” Ukilisoma haraka utadhani kampuni inajua inachotaka. Mimi nikilisoma naona watu wanne wamesongamana kwenye mkataba mmoja: mchora mabango, mpiga video, mwandishi wa programu, na huyu wa nne tuliyekuja kumzungumzia leo, ambaye kazi yake haikutajwa popote. Vimetajwa vyombo vyake tu.

Sasa, nani humchagua fundi nguo kwa kumwuliza kama cherehani yake ni Singer au Butterfly? Unaomba uione suruali aliyoshona. Figma mnayoiandika kwenye kila tangazo ilifunguliwa kwa umma mwaka 2016. Kabla yake wengi walikuwa kwenye Sketch, iliyotoka mwaka 2010, na kabla ya hapo walijibanza ndani ya Photoshop, programu ya watu wa picha. Chombo hubadilika, na mtu mwenye akili ya kazi hii hukizoea kipya bila shida kubwa. Tangazo likianza na vyombo, litawaletea wanaojua vyombo.

Basi huyu wa nne anafanya nini? Toeni simu zenu. Mwenye kiswaswadu atazame vitufe, mwenye simu ya kioo afungue sehemu ya kupiga namba. Moja iko juu kushoto, sifuri iko chini katikati. Sasa fungueni kikokotoo. Huko saba, nane na tisa ndizo ziko juu. Tofauti hiyo haikutokea kwa bahati. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika maabara za Bell nchini Marekani, kikundi kilichoongozwa na mwanasaikolojia John Karlin kilikuwa kinatafuta namna ya kupanga vitufe vya simu ambayo ingechukua nafasi ya ile ya kuzungusha kidole. Walijaribu mipangilio mingi: duara, safu mbili, pembe, mraba. Waliwakalisha watu, wakawapa namba za kupiga, wakapima muda, wakahesabu makosa, kisha wakawauliza wanapendelea upi. Mipangilio kadhaa ilikaribiana. Uliochaguliwa ulikuwa miongoni mwa iliyofanya vizuri, na uliwafaa pia wahandisi waliopaswa kuutengeneza. Wateja waliuona sokoni mwaka 1963, na leo umo mifukoni mwa watu wote waliokaa ukumbini humu.

Karlin alizaliwa Johannesburg. Katika Chuo Kikuu cha Cape Town alisoma falsafa, saikolojia na muziki, na alikuwa mpiga fidla. Mpitisheni kwenye tangazo letu la shahada ya sayansi ya kompyuta, mwone kama barua yake itavuka meza ya kwanza.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na nyumbani. Mwaka 2005 Vodafone na Safaricom walianza majaribio ya huduma mpya Nairobi na Thika, wakishirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Lengo lilikuwa dogo: mkopaji apokee mkopo na kulipa marejesho yake kwa simu. Waliosimamia jaribio, Susie Lonie akiwa mmoja wao, walikaa wakitazama watu wanavyoitumia kweli, na waliyoyaona hayakuwemo kwenye mpango. Watu walikuwa wanatumiana fedha wenyewe kwa wenyewe kwa sababu zao. Wengine walinunua muda wa maongezi wakawarushia ndugu walioko mbali. Wafanyabiashara waliweka mauzo ya siku kwenye simu yalale humo, kwa kuwa benki zilishafungwa. Msafiri aliweka fedha alikotoka akazitoa alikofika. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 kwa jina la M-Pesa, habari za kurejesha mikopo zilikuwa zimesogezwa pembeni na mbele kumewekwa jambo moja: kutuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata ikaingia Tanzania.

Tazameni kilichofanyika hapo. Mtu alitazama, akatambua kipi ni kikuu, akakiacha kingine kilichokuwa kimeshagharamiwa. Hakuna skrini ya kupendeza humo. Ni maandishi meusi kwenye simu ya bei nafuu. Hiyo ndiyo kazi. Rangi na maumbo huja baadaye, na ni muhimu, lakini huja baadaye.

Mnaweza kuniambia kwamba hayo ni mambo ya kampuni kubwa na kwamba nyinyi mna mfumo tu wa ndani wa wahasibu, nao hauhitaji ubunifu. Ni kwa sababu hiyo nimekuja na kisa cha Citibank. Mwezi Agosti 2020, benki hiyo ilikuwa wakala wa mkopo wa kampuni ya vipodozi ya Revlon na ilipaswa kuwalipa wakopeshaji riba ya takriban dola milioni 8. Zilitoka karibu dola milioni 900. Mfumo waliotumia ulitaka, ili deni lenyewe lisitoke nje ya benki, mtumiaji ajaze sehemu tatu kwenye skrini moja. Aliyeandaa malipo alijaza moja. Mwenzake alikagua akapitisha. Meneja wa juu naye alitazama akapitisha. Watu watatu, macho sita, na kila mmoja aliamini kilichokuwa mbele yake kilikuwa sahihi. Baadhi ya wakopeshaji walirudisha fedha. Wengine, wakiwa wameshikilia takriban dola milioni 500, walikataa, na mwaka 2021 jaji wa New York akasema wana haki ya kubaki nazo. Mahakama ya rufaa iliigeuza hukumu hiyo Septemba 2022, lakini kwa miaka miwili benki ilikuwa inapigania fedha iliyotoka yenyewe mlangoni. Skrini hiyo ilikuwa ya ndani. Haikuonwa na mteja yeyote.

Nimekaa sana kwenye mifano kwa makusudi, kwa kuwa shida ya kuajiri dizaina inaanzia hapa: sehemu ya kazi yake inayoonekana ndiyo nyepesi, na nzito haionekani. Mnapopokea potifolio mnapokea picha. Picha hudanganya kwa urahisi sana. Kuna kozi fupi ambazo wanafunzi wake wote hutoka na apu ileile ya kuagiza chakula, skrini zilezile tatu, mhusika yuleyule wa kubuni anayeitwa Jane mwenye miaka 28 na anayependa kahawa. (Sijawahi kumwona Jane kwenye foleni ya wakala pale Mbagala.) Vijana wenyewe siwalaumu, wamefundishwa hivyo na wanatafuta pa kuanzia. Ila ofisa ajira anayezipanga potifolio hizo kwa uzuri wa rangi anapanga kitu kingine kabisa.

Habari njema ni kwamba huhitaji kuwa dizaina ili umtambue dizaina. Unahitaji kumfanya asimulie maamuzi yake, na kusikiliza masimulizi ni kazi mnayoijua kuliko mimi. Mwache achague kazi moja tu kwenye potifolio yake. Usimruhusu apitie kumi. Kisha mwulize ni kitu gani alikitengeneza halafu akakitupa. Mwenye kazi ya kweli hapa huchangamka. Atakwambia walikuwa na ukurasa wa usajili wenye maswali mengi, kwamba kitengo cha sheria kilitaka kila swali, kwamba alikwenda akakaa na mawakala akaona watu wakikwama kwenye namba ya NIDA kwa sababu kitambulisho kimebaki nyumbani, na kwamba hatimaye swali hilo lilisogezwa hatua za mwisho. Atakutajia aliyempinga. Atakutajia pia kitu ambacho mpaka leo hakijakaa sawa. Asiyeifanya kazi hiyo atakurudisha kwenye picha: “Hapa nilitumia bluu kwa sababu bluu huleta uaminifu.” Mwache na bluu yake, rudia swali. Akikurudisha kwenye bluu mara ya pili, umeshapata jibu.

Swali linalofuata ni “Mlijuaje?” Mlijuaje kwamba usajili umekuwa rahisi? Hapa msitegemee takwimu nzito kila mara. Kampuni nyingi hazipimi chochote, na hilo si kosa la mwombaji. Jibu kama “simu za malalamiko kwa huduma kwa wateja zilipungua, ingawa mwezi huohuo kulikuwa na punguzo la makato kwa hiyo sina uhakika” lina thamani kubwa kuliko “matumizi yaliongezeka kwa asilimia mia tatu.” Anayejua mipaka ya ushahidi wake ni mtu wa kumweka karibu na fedha za wateja wako.

Kuna mtego hapa ambao maandiko ya usaili yaliyoandikwa ughaibuni hayautaji. Yanafundisha kwamba mwombaji anayesema “tulifanya, tuliamua” hakufanya yeye, alikuwa abiria. Kwetu si hivyo. Kijana aliyelelewa vizuri hasimami mbele ya wakubwa akisema mimi, mimi, mimi. Atasema “tulifanya” hata kwa kazi aliyoifanya usiku peke yake umeme umekatika. Nimeona watu wazuri wakikatwa alama kwa adabu yao. Dawa yake ni kuuliza jambo ambalo wingi hauwezi kulijibu: “Katika mvutano ule, wewe ulikuwa upande gani?” Hapo “sisi” huisha bila mtu kujikweza.

Na wako wasioweza kukuonyesha kazi zao kabisa, hasa waliotoka kwenye mabenki na kampuni za simu, kwa kuwa wamesaini mikataba ya usiri. Msiwaadhibu. Wapeni karatasi na kalamu wachore kwa ujumla tatizo lilivyokuwa, majina yameondolewa. Anayekufungulia skrini za siri za mwajiri wake ili umpende, zako naye atamfungulia mwingine.

Sasa niseme kidogo juu ya majaribio ya nyumbani, na hapa ndipo sauti inapanda. Mwombaji hupewa siku tatu “atengeneze upya apu yetu yote.” Anaacha kazi zake za kulipwa, anakesha, anatuma. Baada ya hapo ni kimya. Waombaji ishirini wakifanya hivyo, kampuni imepata mapendekezo ishirini bila kulipa senti. Hata kama nia haikuwa hiyo, hivyo ndivyo inavyoeleweka mtaani, na madizaina wanazungumza. Wazoefu hawafanyi tena majaribio ya aina hiyo, kwa hiyo mchujo wako unabaki na wenye muda mwingi na waliokata tamaa. Ukitaka kazi ya siku tatu, ilipie.

Lakini kuna jaribio la dakika arobaini ambalo hufanyika palepale ukumbini, halihitaji kompyuta, na ninyi wenyewe mnaweza kulisahihisha. Mpeni mwombaji ujumbe huu: “Ombi lako halikufanikiwa. Tafadhali jaribu tena baadaye.” Mwambieni umemfikia mama anayelipia ada ya mtoto kwa simu, saa mbili usiku, na kesho asubuhi ndiyo mwisho wa kupokea ada. Auandike upya.

Mwombaji wa kawaida ataongeza heshima: samahani mteja wetu mpendwa. Aliye bora kidogo atagundua kwamba mama yule hana shida na heshima. Anataka kujua kama hela imetoka au haijatoka, na akijaribu tena kama itakatwa mara mbili. Ataandika, mathalani, “Ada haijalipwa. Hela yako haijakatwa, unaweza kujaribu tena sasa.” Kuna wa tatu, naye ndiye mnayemtafuta. Kabla hajaandika chochote atawauliza: mfumo wenyewe unajua kama hela imetoka? Kwa maana mara nyingine haujui. Mtandao umekatika katikati, benki haijajibu, na ukweli wenyewe bado haujulikani. Ukimwambia mama ajaribu tena, huenda ukamlipisha ada mara mbili. Ujumbe wa haki utasema kwamba malipo bado hayajathibitishwa, asilipe tena kwanza, jibu litamfikia kwa meseji, na lisipofika apige namba gani. Ili kuandika sentensi hizo, itabidi mtu huyo aende kuzungumza na wahandisi, na watu wa huduma kwa wateja, na pengine mkuu wa fedha. Mmeona? Ubunifu wote umo katika mistari mitatu, na kila mmoja wenu aliyewahi kukwama na LUKU usiku anaweza kutofautisha jibu zuri na baya.

Jaribio hilo lifanyike kwa Kiswahili. Nashangaa kwamba bado tunamsaili mtu kwa Kiingereza kitupu kwa ajili ya huduma ambayo watumiaji wake wengi wataisoma kwa Kiswahili, kisha tunampa alama kwa ufasaha wa Kiingereza chake. Menyu nyingi tulizonazo zinasomeka kama zilizotafsiriwa Ijumaa jioni na mtu anayewahi daladala, kwa sababu hakuna aliyeajiriwa kwa ajili ya maneno. Dizaina anayeandika Kiswahili kinachoeleweka na bibi wa Masasi na kijana wa Sinza kwa pamoja ni hazina, na hakuna tangazo hata moja nililosoma linalomwuliza kuhusu hilo.

Wenzangu mnaopenda utafiti mtaniuliza kama haya yana msingi. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walichapisha marejeo makubwa ya tafiti za miongo mingi kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Kwa kipimo ambacho sifuri ni kutohusiana kabisa na moja ni kuhusiana kikamilifu, usaili wenye mpangilio maalumu ulipata 0.42 katika kutabiri utendaji wa mtu kazini, ukiwa juu ya njia zote. Jaribio la kazi yenyewe lilipata 0.33. Usaili wa maongezi tu, ule wa “tujuane kidogo”, 0.19. Miaka ya uzoefu, ambayo kwenye matangazo yetu ni sharti la kwanza, ilipata 0.07. Namba hizo ni za kazi za kila aina, si za madizaina peke yao, lakini sioni sababu ya wao kuwa tofauti.

Usaili wenye mpangilio si jambo la kutisha. Maswali ni yaleyale kwa kila mwombaji, mmekubaliana mapema jibu zuri lina nini ndani yake, na kila msaili anaandika alama zake kabla mtu hajafungua mdomo. Mkurugenzi azungumze mwisho. Katika ofisi zetu, bosi akishasema “huyu kijana namwona yuko vizuri,” mjadala umefungwa na chai imeagizwa.

Nipite haraka kwenye suala la nani aajiriwe kwanza. Kampuni isiyo na dizaina hata mmoja hupenda kuanza na mhitimu mpya kwa sababu ya mshahara. Mhitimu huyo hatakuwa na wa kumwonyesha kazi yake, hatakuwa na uzito wa kumpinga meneja, na baada ya mwaka mmoja atakuwa amejifunza kutii. Kama bajeti ni ya mtu mmoja, mtafuteni mzoefu, hata kwa siku mbili kwa wiki. Vijana wafuate, nao wawe wawili.

Limebaki jambo la mahali pa kumkalisha. Mara nyingi hukalishwa masoko, kwa kuwa masoko ndiko kuna “mambo ya picha”. Miezi mitatu haipiti kabla hajawa mtu wa salamu za Eid, kadi za Krismasi na bango la Sabasaba, huku fomu ya mkopo iliyomleta ikiwa vilevile ilivyokuwa. Au hukalishwa kwa wahandisi, ambako hukabidhiwa skrini zilizokwisha kujengwa “azirembe”. Kote kuwili ataondoka, na siku hizi hana haja ya kuhama mji: kampuni ya Berlin inamwajiri akiwa sebuleni kwake Kimara.

Kwa hiyo kabla ya kutoa tangazo, kaeni na meneja aliyeomba nafasi hiyo mumwulize maswali mawili. La kwanza: miezi sita baada ya mtu huyu kuingia, ni kitu gani ambacho mteja au mfanyakazi wetu ataweza kukifanya na leo hakiwezi? Jibu lake liandikeni juu kabisa ya tangazo, mahali mlipokuwa mkiandika Photoshop. La pili ni gumu zaidi. Siku ambayo mtu huyu atasema skrini hii isitoke kesho kwa sababu watu watapoteza hela zao, nani katika kampuni hii ana mamlaka ya kuisimamisha, na je, atapokea simu yake? Kama meneja hana jina la kuwapa, msitangaze nafasi kwanza. Rudini kwa mkurugenzi mlitafute jina hilo, hata likichukua mwezi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Naomba maswali yaanze kwa wale waliokaa nyuma.